Milango Minne

Milepa,
9 Juni 2024

Mwanangu Kristiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi huku hatujambo, mpunga tumeshauvuna na joto limepungua kidogo. Najua utacheka kuona barua, useme mama bado anaishi enzi za posta. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa na haikufufuka. Iliyobaki ni ya mumeo, na yapo mambo ambayo mama mkwe hawezi kuyasema kwenye simu ya mkwe wake, huku mwenyewe amempa mgongo anajifanya anakagua kuku. Karatasi hii nampa Sada wa dukani. Inapanda na kijana wa pikipiki hadi Sumbawanga, na pale inadandia basi la Mbeya.

Jambo lenyewe ni gari. Mwinjuma amehamishia lori lake njia ya Mpanda. Unajua ni miaka mitano sasa amekuwa akinipandisha mlima kila Jumanne ya kwanza ya mwezi, nikae naye mbele hadi kliniki ya macho. Sasa nimebaki na pikipiki, na zile kona za mlima wa Lyamba nyuma ya kijana anayeimba si za mwanamke wa miaka sitini na sita. Daktari ameniambia presha ya macho haiumi, inaiba kidogo kidogo kama panya ghalani, na nikikosa kupimwa sitajua imeiba kiasi gani.

Basi nimeuza ng'ombe wa marehemu baba yako, na mpunga wa mwaka huu umejibu. Mumeo Flavian ana leseni tangu alipokuwa akiendesha trekta la ushirika. Wewe uko Mbeya kwenye magari, tuchagulie. Mahitaji yangu ni haya: lipande Lyamba bila kuhema, lipite tope la Machi, libebe magunia kumi ya mpunga, na liwe na milango minne. Rangi sichagui. Milango minne usisahau.

Soma kwa bidii. Uuguzi si kazi ya kubahatisha.

Mama yako,
Bertilla

*

Mbeya,
23 Juni 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinuka samaki wa kukaanga, nadhani kondakta aliiweka pamoja na chakula chake. Nimefurahi mno, mama. Nilikuwa nakosa usingizi nikifikiria hizo pikipiki.

Jumamosi nilizunguka na fundi anaitwa Azizi, mtu mmoja mkavu ambaye hasifii kitu. Tumeona magari matatu. La kwanza Noah, safi, viti laini, milango unayoitaka, lakini Azizi aliinama akaangalia chini akasema hilo likifika kona ya pili litaacha tumbo lake kwenye jiwe. La pili ni pikapu ya dabo kebini. Nzuri, ila imechoka, moshi wake mweusi, na sanduku la nyuma ni fupi, magunia sita basi. La tatu ndilo limeniingia moyoni: pikapu nyeupe ya singo kebini, milango miwili, dizeli, imepanda juu, inavuta kwa magurudumu yote manne, imefika kutoka Japani mwaka huu. Nyuma unalaza magunia kumi na mawili. Azizi aliisikiliza injini akaitikia kwa kichwa mara moja, na kwa Azizi hiyo ni sherehe.

Shida ni milango yako. Mama, milango minne ya nini? Watu mko wawili, Anjela wetu yuko shule ya bweni. Mwalimu wangu wa hesabu alikuwa wewe, nawe ulinifundisha kutolipia kisichohitajika. Nieleze nielewe, la sivyo nachukua nyeupe.

Mwanao,
Kristiana

*

Milepa,
7 Julai 2024

Mwanangu,

Nimesoma habari za magari yako matatu mpaka nimejiona fundi. Huyo Azizi mshike, mtu asiyesifia ndiye wa kwenda naye sokoni.

Kuhusu milango. Kuna wanakwaya, siku ya parokia wataniomba lifti. Kuna kuku, siwezi kuwaweka nyuma na jua la huku. Kuna mvua, na mkoba wangu, na vyeti vya hospitali. Halafu mtu mzima akikaa kiti cha nyuma anakuwa ametulia. Marehemu bibi yako alikuwa akisema mtu na heshima yake. Mtu aliyelelewa haelezwi kila kitu.

Jumanne nilikwenda kliniki kwa pikipiki. Nimerudi mzima, ila sirudii tena.

Lakini wewe ndiye uliyesoma na ndiye unayeyaona hayo magari. Nunua unaloliona linafaa.

Mama yako,
Bertilla

*

Mbeya,
28 Julai 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Tumenunua. Ile nyeupe.

Usinikasirikie kwa milango. Wanakwaya watakaa nyuma waimbe, na kuku ni kuku. Nimeangalia kazi ya gari mwaka mzima, nikaona siku mia tatu ni mizigo na tope na siku kumi na mbili ni kliniki. Gari linaloweza kazi nzito halishindwi na nyepesi. Azizi amebadilisha oili, ameweka betri mpya na tairi mbili za nyuma.

Flavian alikuja kulichukua mwenyewe. Alilizunguka mara tatu. Akafungua mlango, akatazama ndani muda mrefu, akaweka kiganja kwenye kiti cha abiria, akafunga. Nikamuuliza kama hajalipenda. Akasema ni gari zuri sana, mama Anjela. Unamjua, maneno kwake ni kama chumvi, anatia kidogo.

Sasa kila Jumanne ya kwanza utakaa mbele kama mke wa mkuu wa wilaya, wewe na mkoba wako. Nimelala usingizi mzuri usiku huu.

Mwanao,
Kristiana

*

Milepa,
18 Agosti 2024

Mwanangu Kristiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Gari limefika na kijiji kizima kimelishika. Sada amelifuta vumbi kwa kanga yake. Padre amelibariki na maji mengi kuliko anayombatizia mtoto. Limeshapeleka mpunga mjini mara mbili na Flavian analiosha kila jioni, analipangusa hadi kwenye nati za magurudumu.

Jumanne ya kliniki gari lilipanda Lyamba asubuhi na mapema na likarudi salama saa tisa. Matone ya macho yamekuja, chupa mbili. Umechagua gari lenye nguvu na Mungu akubariki kwa kumhangaikia mama yako.

Mama yako,
Bertilla

*

Mbeya,
29 Septemba 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo, na unisamehe kwa kimya. Tuko wodini mchana na darasani jioni, na nikikaa kitandani na kalamu naamka nayo shavuni.

Nina furaha sana na ile barua yako. Niliisoma kwa wenzangu bwenini. Sasa niambie, kliniki wameandika namba gani za presha? Kila jicho lina namba yake kwenye kadi. Tumefundishwa juzi, na nikawa nakuwaza somo zima.

Mwanao,
Kristiana

*

Milepa,
20 Oktoba 2024

Mwanangu,

Sisi wazima. Namba sizikumbuki, kadi iko kabatini.

Dawa zipo. Mvua inanukia.

Usihangaike, soma.

Mama

*

Mbeya,
3 Novemba 2024

Mama,

Shikamoo. Leo nimezitandaza barua zako zote kitandani kwa kufuatana.

Barua ya Juni ina mistari ishirini na sita kwa ukurasa, imenyooka kama uliyopiga rula. Ya Agosti ina kumi na tisa. Hii ya Oktoba ina mistari sita, herufi kubwa kama za kwenye ubao, na mstari wa mwisho umepanda mpaka umetoka nje ya karatasi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuandika, mama. Ulikuwa ukinichapa vidole kwa mstari unaopanda. Mkono wako naujua kuliko uso wangu.

Nikaisoma upya ile ya Agosti. Umeandika gari lilipanda, gari likarudi. Hukuandika kwamba ulikuwemo.

Jana nilimpigia Flavian nikamuuliza. Akasema kila Jumanne ya kwanza mama hupata wageni. Miezi mitatu, wageni siku hiyohiyo tu?

Ninaogopa, mama. Nimewaona watu wa presha ya macho wodini wakiletwa na wajukuu wao, wakipapasa ukuta. Niambie ukweli. Kama ni gari, niambie. Kama ni mume wangu amekukosea, niambie pia.

Kristiana

*

Milepa,
17 Novemba 2024

Mwanangu,

Nimeandika kidogo kidogo kwa siku nne, univumilie na mistari.

Flavian hajanikosea. Nikimsema kwa ubaya, ulimi wangu uote miiba. Mwenye kosa ni mimi niliyeficha, na kiti.

Wewe ulikwenda bweni ukiwa na miaka kumi na miwili, na hujawa mama mkwe. Sisi tulilelewa hivi: mkwe wa kiume na mama wa mke wake hawali meza moja, hawagusani, hawatazamani usoni. Miaka kumi na moja tangu akuoe, nikikutana na Flavian njiani mmoja wetu huchepukia shambani mpaka mwenzake apite. Siyo chuki, ni heshima. Ndivyo tunavyosema kwamba tunapendana. Baba yako alikufa hajawahi kumtazama bibi yako, mama yangu, machoni, na alipokufa bibi yako ndiye aliyelia kuliko wote.

Sasa fikiria kile kiti. Ni kimoja, kirefu. Gia iko katikati. Kwenye kona za Lyamba abiria humwangukia dereva bega kwa bega, anataka hataki. Kwa Mwinjuma nilianguka miaka mitano tukacheka, kwa kuwa si mkwe wangu. Kwa Flavian siwezi. Na kukuandikia neno hilo, kwamba mwili wangu na wa mumeo, niliona haya hata kwa kalamu. Ndiyo maana nikakuandikia kuku.

Jumanne ya Agosti alikuja akasimama nje, gari linanguruma, mlango wa abiria ameufungua, yeye amesimama mbali upande wa pili anatazama mlimani. Nikajificha jikoni. Alingoja nusu saa. Halafu akaondoka na gari tupu, akapanda mlima, akanunua matone, akarudi. Hakutaka watu waseme amekataliwa. Nami nisingeweza kupanda pikipiki wakati gari la mkwe limesimama uani, Milepa yote ingesema kanitenda vibaya. Sada ana duka, hawezi kulifunga kila mwezi aje akae katikati yetu kama ukuta.

Septemba nilijaribu. Nilipanda nyuma, nikaketi juu ya gunia, nikajifunga kanga kichwani. Nikaona nimepata dawa. Flavian akazima gari, akachomoa ufunguo, akaenda kwake ng'ambo ya mfereji. Baadaye alimtuma Sada aniambie maneno haya: "Siwezi kumbeba mama yangu kama gunia." Nililia siku hiyo, Kristiana. Sikujua nalilia nini, aibu au shukrani.

Jicho la kushoto sasa linaona ukungu. La kulia bado. Ninaogopa na mimi.

Mama yako

*

Milepa,
1 Desemba 2024

Mama Anjela, mke wangu,

Umenipigia mara nne na mara zote nimesema mtandao mbaya. Mtandao ulikuwa mzuri. Ni kwamba mambo haya hayatoki mdomoni, na nimeona mama anatumia karatasi, nami nimejaribu.

Nililijua siku ileile Mbeya, nilipoweka kiganja kwenye kile kiti. Nilikuona umefurahi kama siku ya harusi, na Azizi amesimama pale. Ningesemaje mbele ya fundi kwamba mama yako hawezi kuketi nami? Nikasema moyoni nitapata njia. Nikakosa njia miezi minne, na jicho la mama ndilo lililolipa. Hilo sitajisamehe haraka.

Baada ya simu zako sikungoja Jumanne ya kwanza. Tarehe 26 nilimwomba Beda, yule aliyekuwa dereva wa misheni, ashike usukani. Mama akakaa mbele na Beda. Mimi nikakaa nyuma chini ya turubai. Mvua ilitunyeshea kuanzia chini hadi juu, na huko juu unajua baridi yake. Mara mbili mama aligonga kioo cha nyuma kwa kidole. Nami nikagonga, kumwonyesha kuwa bado nipo.

Daktari amesema jicho la kushoto lililopotea halirudi. La kulia anataka kulifanyia upasuaji mwezi wa Januari, lisifuate njia ya mwenzake. Baada ya hapo ni kliniki kila wiki mbili. Beda ni mzee, hawezi kila mara.

Sasa sikia. Mwinjuma ana stesheni wagoni ya zamani, lile gari refu la kijani, kaka yake alikuwa akisafirishia vitenge kutoka Tunduma. Bati lina kutu, rangi imebanduka, kiyoyozi hakuna. Injini ni nzima, nimelala chini yake nikaikagua nusu siku. Juu ina kereya, magunia matano yanakaa, na mengine matatu nyuma. Inapanda Lyamba. Ina milango minne. Mwinjuma anaitaka pikapu yetu kwa biashara yake na yuko tayari kubadilishana, aongeze kidogo. Najua umeichagua ile nyeupe kwa moyo wako wote. Sema wewe.

Flavian

*

Mbeya,
8 Desemba 2024

Baba Anjela,

Badilisheni. Badilisheni leo hii barua ikifika, nami nitamwambia Azizi mwenyewe. Nilihesabu magunia, nikahesabu siku, nikahesabu milango, na mama alikuwa akiniambia kwa kila njia aliyoweza. Nilimwona anadeka. Nimelia mpaka mwenzangu wa kitanda cha juu ameshuka.

Na wewe chini ya turubai, kwa kifua chako hicho. Kunywa tangawizi. Januari nina mtihani wa vitendo na sitaruhusiwa kutoka, kwa hiyo nakukabidhi mama. Sijui mtafanyaje kule hospitali ninyi wawili msiotazamana. Sina la kukufundisha, nakuamini tu.

Mkeo,
Kristiana

*

Milepa,
2 Februari 2025

Mwanangu Kristiana,

Tumsifu Yesu Kristo. Usishtuke kwa mwandiko, ni wa mumeo. Jicho la kulia limefanyiwa kazi tarehe 21 na daktari amekataza nisilitumie kusoma wala kuandika kwa wiki kadhaa. Presha imeshuka. Amesema nikitunza hili nitakufa nikiona. La kushoto tumeliaga, lilinitumikia vizuri, lilisahihisha madaftari ya watoto wengi wa Milepa.

Sasa nikueleze gari. Lina kutu na linanuka vitenge vipya hata baada ya kuoshwa. Kwenda hospitali nilikaa kiti cha nyuma, nyuma kabisa ya mgongo wa Flavian. Kabla hatujaondoka nilimtuma Sada amwombe ageuzie juu kile kioo cha ndani, tusije tukaonana. Akakigeuza, akaendesha kwa vioo vya pembeni. Kona ya tatu nikaukoholea mgongo wake nikauliza kama kifua kimepona. Akasema kimepona, mama. Mwanangu, mtu akiongea na mgongo anaweza kusema mengi. Tulipofika juu kwenye baridi nilikuwa nimeshamweleza jinsi baba yako alivyoniposa, naye amenieleza habari za mama yake, ambazo nadhani hata wewe hujazisikia. Miaka kumi na moja nimeishi na huyu mtu sikujua kwamba ni mcheshi.

Siku ya kutoka hospitali walinifunga jicho zuri, na lile bovu haliniongozi. Pale nje pana ngazi saba. Nesi aliitwa akakimbilia mgonjwa mwingine, akaniacha nimesimama. Nilimsikia Flavian anapumua hapo karibu, hasogei, haondoki. Nikanyoosha mkono. Akaushika. Ngazi zote saba aliushika, akinihesabia moja moja. Nilingoja ardhi ipasuke kama tulivyofundishwa. Haikupasuka. Nimeitafuta heshima yetu nione imevunjikia wapi, na nimeikuta iko palepale.

Tulipokaa kwenye gari sikumtafuta Sada wa kumtuma. Nilisema mwenyewe: "Baba Anjela, rudisha kioo mahali pake. Dereva lazima aone nyuma."

Hapa Flavian ameacha kuandika, anasema kalamu imekwisha wino. Wino upo, namsikia anajipangusa uso. Nimemwambia aandike na hilo pia.

Natumaini mtihani wako ulikwenda vizuri. Ukirudi utakaa mbele, pembeni ya mumeo. Kiti cha nyuma kina mwenyewe.

Mama yako,
Bertilla,
kwa mkono wa mwanangu Flavian